Kiwanja Hupimwa Kwanza

Leo nina jambo la hesabu. Aliye na kalamu aiweke karibu. Asiye nayo asihangaike, namba nitazitaja polepole na zile nzito nitazirudia.

Tuanzie kwenye mchezo ambao sote tumekua tukiuona. Pita mbele ya butiki yoyote jioni, utakuta vijana wawili wameinamia ubao wa dama. Mmoja anacheza kwa vifuniko vya chupa vilivyolala chali, mwenzake kwa vilivyolala kifudifudi. Kama mmoja ni fundi na mwenzake ndiyo kwanza anajifunza, fundi atasema: nakuachia viwili. Anaondoa vifuniko vyake viwili ubaoni, na hapo mchezo unakuwa mchezo. Asipofanya hivyo, dakika tano zinatosha kumaliza kila kitu, na hakuna atakayesimama kutazama.

Lakini kwa nini viwili? Kwa nini visiwe vitatu, au kimoja? Hapo ndipo maneno huanza. Fundi anaona viwili ni vingi, mwanafunzi anaona ni vichache, na wanaotazama kila mmoja ana hukumu yake. Hakuna mahali palipoandikwa.

Upo mchezo mmoja duniani ambao watu wake wameikalia hesabu hiyo kwa zaidi ya miaka 100, wakaiandika, wakaisahihisha, wakaiandika tena. Ni gofu. Watoto wetu wa hapa Djugu wanakimbiza mpira wa miguu, gofu hawaijui. Katika nchi yetu utaisikia Kinshasa na Lubumbashi. Ila majirani zetu wa mashariki wanayo tangu zamani: klabu ya Entebbe ilianza mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, ya Nairobi ikafuata mwaka 1906, na Fort Portal, ng'ambo ya Semliki, wana kiwanja chao cha Toro Club. Hata Arua, mji ambao wafanyabiashara wetu wanaupitia kila wiki wakivuka Goli au Vurra, una kiwanja chake cha gofu. Umepita hapo na mizigo yako, ukaona watu wazima wanatembea kwenye majani na fimbo ndefu, mvulana nyuma yao amebeba mfuko. Ukajiuliza wanafanya nini. Nataka leo tuelewe jambo moja tu wanalolifanya, nalo ni jinsi wanavyohesabu kile wanachokiita hendikapu. Nitawaambia pia kwa nini naona hesabu hiyo inatuhusu sisi watu wa Djugu kuliko tunavyodhani.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Unapiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni. Mashimo ni 18. Kila pigo linahesabiwa, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Kila shimo lina idadi ya mapigo ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kuyatumia: matatu, manne au matano. Idadi hiyo huitwa pa. Ukijumlisha pa za mashimo yote 18, viwanja vingi vinafika 70, 71 au 72.

Sasa mchezaji hodari atamaliza kwa mapigo 72. Mwalimu wa shule anayecheza Jumamosi tu atamaliza kwa 95. Hao wawili watashindanaje? Mwalimu anapewa mapigo ya kumfidia. Tuseme anapewa 20. Akipiga 95, tunatoa 20, inabaki 75. Akiamka vizuri siku hiyo akapiga 91, inabaki 71, na amemshinda yule hodari aliyepiga 72. Ushindi huo ni halali. Hakuna atakayemwambia kwamba amependelewa. Mapigo hayo 20 ndiyo hendikapu yake, na mzigo wote wa hesabu ni kujua kama kweli ni 20, wala si 17, wala si 24.

Zamani kila klabu ilijikadiria yenyewe. Wazee wa klabu walikaa, wakamtazama mtu, wakampa namba. Alipokwenda klabu nyingine, namba ile haikuwa na maana. Huko Uingereza wanawake ndio waliotangulia kuliweka sawa jambo hili. Chama chao cha gofu kilianzishwa mwaka 1893, na chini ya Issette Pearson kikajenga utaratibu mmoja wa hendikapu kwa klabu zake zote, wakati wanaume bado walikuwa wanabishana. Baadaye nchi zikajenga mifumo yao, hadi dunia ikawa na mifumo mikubwa sita: ya Marekani, ya Uingereza na Ireland, ya Ulaya bara, ya Australia, ya Afrika Kusini na ya Argentina. Mtu wa Johannesburg na mtu wa London walikuwa na hendikapu zisizolingana. Januari 2020 ndipo mifumo hiyo sita iliunganishwa kuwa mmoja, chini ya wasimamizi wawili wakuu wa gofu duniani: R&A ya huko St Andrews, Scotland, na USGA ya Marekani. Hesabu nitakayowapa ni ya mfumo huo mmoja.

Na hesabu hiyo, wasikilizaji, inaanza na ardhi. Mchezaji anasubiri.

Kabla mtu yeyote hajapewa hendikapu, watu waliofunzwa kazi hiyo huenda kiwanjani na kukipima. Wanapima urefu wake. Wanatazama upepo. Wanatazama kimo kutoka usawa wa bahari, kwa sababu mahali pa juu hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi. Mpira uleule na pigo lilelile havitafika sawa Mombasa na kwenye nyanda zetu za juu. Wanatazama miti, mashimo ya mchanga, maji, majani marefu ya pembeni, miinuko, na jinsi ardhi inavyolala pale karibu na shimo. Kila kipingamizi kinapewa alama. Kule Jinja, mahali Nile inapotoka ziwani, kuna kanuni maarufu ya kiwanja inayoruhusu kuokota mpira ulioangukia kwenye unyayo wa kiboko na kuuweka pembeni bila adhabu. Ninyi wa kando ya ziwa kule Tchomia mnaelewa unyayo wa kiboko una kina gani.

Wapimaji hao wakimaliza, wanaacha namba mbili, na hizi ndizo namba za kukumbuka.

Ya kwanza ni kadirio la kiwanja. Inajibu swali hili: mchezaji hodari kabisa asiye mlipwaji, yule ambaye hendikapu yake ni sifuri, atamaliza hapa kwa mapigo mangapi siku ya kawaida anapocheza vizuri? Tuchukue kiwanja cha mfano chenye pa ya 72. Wapimaji wanasema hodari atamaliza kwa 71.2. Hilo ndilo kadirio.

Ya pili inaitwa slopu, na hii ndiyo iliyonifanya nitamani kuzungumza nanyi leo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, ofisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani aitwaye Dean Knuth aliona kasoro kwenye hesabu za wakati huo. Zilipima kiwanja kwa macho ya hodari peke yake. Yeye akauliza habari za mchezaji wa kawaida. Fikirieni kijito kinachokatiza umbali wa mita 170 kutoka mahali pa kupigia. Wapimaji huchukulia kwamba mwanamume hodari hupiga mpira yadi 250, yaani karibu mita 229. Kijito hicho kwake hakipo, mpira unapita juu. Mchezaji wa kawaida hupiga yadi 200, karibu mita 183, na hiyo ni pale anapoupata vizuri. Akiukosa kidogo tu, mpira umo majini. Kijito ni kimoja, ila mmoja hakimgusi na mwingine kinamla mapigo mawili.

Kwa hiyo kiwanja kigumu hakiwaumizi wote sawasawa. Kinamuumiza zaidi aliye dhaifu. Wazo hilo linaonekana dogo, nami naliona kubwa sana.

Wapimaji basi wanakadiria tena, safari hii kwa mchezaji wa kawaida, yule wanayemwita wa bogi, ambaye kwa wanaume hendikapu yake ni kama 20. Kwenye kiwanja chetu cha mfano wanasema atamaliza kwa mapigo 95. Tofauti kati yake na hodari ni 95 toa 71.2, yaani 23.8. Wanazidisha tofauti hiyo kwa 5.381, na inapatikana 128. Hiyo ndiyo slopu ya kiwanja. Slopu ndogo kabisa inayoruhusiwa ni 55, kubwa kabisa ni 155, na ile iliyochukuliwa kuwa ya wastani ni 113. Andikeni 113, maana tutaitumia sasa hivi. Kiwanja chenye slopu 128 kinawatesa wa kawaida kupita wastani. Chenye 105 kinawahurumia. Marekani ilianza kuutumia utaratibu huo nchi nzima mwaka 1987, na leo umeenea dunia nzima ya gofu.

Sasa tuingie kwenye kadi ya mchezaji. Mwalimu wetu amecheza kwenye kiwanja hicho kigumu: kadirio 71.2, slopu 128. Amepiga mapigo 95. Kwanza tunaangalia kama kuna shimo lililomharibikia kupita kiasi. Kanuni inasema kwamba kwa hesabu ya hendikapu, hakuna shimo litakaloandikwa zaidi ya pa yake, ongeza mawili, ongeza mapigo ya fidia anayostahili hapo. Kwenye shimo moja la pa 4, ambapo anafidiwa pigo moja, alitumbukiza mipira miwili majini na kumaliza kwa 9. Mwisho wake ni 4 na 2 na 1, yaani 7. Basi tunaandika 7, na jumla inashuka kutoka 95 hadi 93. Naipenda kanuni hii. Inakubali kwamba mtu anaweza kupatwa na baya mahali pamoja, na baya hilo lisitangaze kwamba yeye mzima ni mbaya.

Tunayo 93. Tunatoa kadirio la kiwanja, 71.2. Inabaki 21.8. Tunazidisha kwa 113, kisha tunagawanya kwa slopu ya kiwanja, 128. Jibu ni 19.2. Narudia: 93 toa 71.2 ni 21.8, mara 113, gawanya kwa 128, ni 19.2. Kama siku hiyo ilikuwa ya dhoruba na karibu kila mtu alicheza vibaya, kompyuta hulinganisha kadi zote za siku, zikiwa 8 au zaidi, na ikiona hali ya hewa iliwaonea inapunguza kwanza pigo moja, mawili, hata matatu. Siku ikiwa rahisi mno, inaongeza moja.

Sasa mchukueni rafiki yake, anayecheza kwenye kiwanja chepesi cha mji mwingine. Pa ya hapo ni 70, kadirio 68.4, slopu 105. Amepiga 87. Kwa macho tu, 87 ni bora kuliko 93, mapigo sita mazima. Rafiki atarudi nyumbani akijisifu. Fanyeni hesabu: 87 toa 68.4 ni 18.6, mara 113, gawanya kwa 105. Inakuja 20.0.

Mwalimu 19.2, rafiki 20.0. Mwalimu wa 93 ndiye aliyecheza vizuri zaidi.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu sitazami gofu peke yake ninapozitazama namba hizo mbili.

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho, mafinalisti wetu, wanakaa mtihani wa serikali, ule tunaouita Exetat. Karatasi inayofunguliwa Gombe, Kinshasa, ndiyo inayofunguliwa Djugu. Kupita ni asilimia 50. Hilo ni sawa, na sitaki libadilike: mtihani uwe mmoja, na jibu sahihi liwe sahihi popote. Lakini tangu Desemba 2017 mnajua wenyewe vita vilivyopita juu ya Djugu. Mnajua shule zilizochomwa, madarasa yaliyohamia chini ya turubai, walimu waliokimbia, watoto waliosoma wakiwa kwenye kambi za waliokimbia vita, Rhoe au Bule, daftari moja kwa ndugu wawili. Mtoto wa hapo akileta asilimia 58, na mwingine aliyekaa chini ya umeme, mbele ya maabara, mwaka mzima bila kusikia risasi hata moja, akileta 64, sisi tunasoma namba mbili na kumaliza. Tunasema huyu wa 64 ndiye mwenye akili. Chuo kinamchukua. Mwajiri anamchukua. Hakuna aliyeuliza kiwanja.

Watu wa gofu, wanaocheza kwa kujifurahisha, wameona haya kuacha kuuliza. Wameunda timu za kupima kila kijito. Tunajua pia, kutokana na ile slopu, kwamba ugumu haugawanyiki sawa: mtoto mwenye kipaji cha pekee anaweza kuvuka vita na kushinda, kama yule hodari ambaye mpira wake unapita juu ya maji. Halafu tunamwonyesha kidole huyo mmoja na kuwaambia wengine, mbona yeye ameweza? Wale wa kawaida, ambao ndio wengi, ndio wanaoangukia kijitoni.

Sisemi mtoto wa Djugu aongezewe alama. Tazameni tena: kwenye kadi ya mwalimu, 93 imebaki 93. Hakuna aliyeifuta. Kinachobadilika ni jinsi inavyosomwa, na kinabadilika kwa vipimo vilivyochukuliwa kiwanjani, huruma haikuingia. Wanaochagua wanafunzi wa vyuo na wanaotoa misaada ya masomo wangeweza kuweka karibu na asilimia ya mtoto habari za shule yake: ilifunguliwa miezi mingapi, ilikuwa na walimu wangapi, ilihama mara ngapi. Wakurugenzi wetu wa shule wanazo habari hizo kwenye madaftari yao. Nalisema hili nikilimaanisha, na ningetamani lifike kwa wenye kuamua.

Turudi kwenye kadi. Kadi moja haitoshi kumjua mtu. Mfumo unaweka kadi 20 za mwisho za kila mchezaji, na kila anapoleta mpya, ya zamani kabisa inadondoka. Katika hizo 20 hauchukui wastani wa zote. Unachagua 8 zilizo bora, unazijumlisha, unagawanya kwa 8. Tuseme nane bora za mwalimu wetu, baada ya kila moja kupitia hesabu ile ya slopu, zinafika 153.6. Gawanya kwa 8, inakuja 19.2. Hiyo ndiyo hendikapu yake rasmi.

Kwa nini 8, na zile 12 nyingine ziko wapi? Zipo, zimeandikwa, ila hazimhukumu. Hendikapu inauliza mtu huyu anaweza nini anapocheza vizuri. Wapo wanaolalamika kwamba hivyo mchezaji hapati fidia ya kutosha, kwa kuwa siku nyingi atacheza vibaya kuliko namba yake. Ni kweli, siku nyingi hatafikia namba yake. Mimi naona ni haki hivyo, kwa sababu ingekuwa wastani wa zote 20, kila siku ya uvivu ingemzawadia mtu mapigo ya ziada.

Namba hiyo 19.2 ni ya kubeba. Anasafiri nayo. Ila akifika kwenye kiwanja fulani, inageuzwa kuwa mapigo ya kiwanja hicho. Hapa tunazidisha kwa slopu na kugawanya kwa 113, kinyume cha kule mwanzo, kisha tunaongeza tofauti kati ya kadirio na pa. Kwenye kile kigumu: 19.2 mara 128, gawanya kwa 113, ni 21.75. Kadirio 71.2 toa pa 72 ni kasoro 0.8. Inabaki 20.95, nayo inasomwa 21. Kwenye kile chepesi: 19.2 mara 105, gawanya kwa 113, ni 17.84, kadirio 68.4 toa 70 ni kasoro 1.6, inabaki 16.24, inasomwa 16. Mtu yuleyule, wiki ileile, anapewa mapigo 21 huku na 16 kule. Ukimwona mchezaji kutoka nje anapewa mapigo mengi kwenye kiwanja chenu kuliko anayopewa kwao, usidhani kuna hongo iliyopita.

Mapigo hayo hayatupwi ovyo. Mashimo yote 18 yamepangwa kwa namba, kuanzia 1, mahali ambapo pigo la fidia linahitajika zaidi, hadi 18. Mwenye mapigo 16 anapata moja kwenye kila shimo la namba 1 hadi 16. Mwenye 21 anapata moja kila shimo, halafu la pili kwenye mashimo ya namba 1, 2 na 3. Katika mashindano ya mtu mmojammoja ya kuhesabu mapigo, wanachukua asilimia 95, kwa hiyo 20.95 ya mwalimu inakuwa 20. Katika pambano la ana kwa ana wanachukua zote.

Sasa mtu atauliza, na ni swali la haki: je, mjanja hawezi kucheza vibaya makusudi ili hendikapu yake ipande, halafu siku ya kombe ajitokeze na nguvu zake zote? Anaweza kujaribu. Mfumo umemwekea vizuizi. Unakumbuka hendikapu yake ya chini kabisa katika mwaka mmoja uliopita. Ikipanda zaidi ya 3 juu ya hiyo, kila kinachozidi kinakatwa nusu. Kuzidi 5 hakuruhusiwi kabisa. Mwalimu wetu, kama ya chini kabisa ilikuwa 19.2 na hesabu mpya imetoa 24.2, ataandikiwa 23.2. Na akileta ghafla kadi iliyo bora kuliko hendikapu yake kwa 7 au zaidi, wanaipunguza hendikapu yake kwa 1 mara moja. Ikiwa bora kwa 10 au zaidi, wanapunguza 2.

Lakini kizuizi kikubwa hakimo kwenye kompyuta. Kadi huandikwa mbele ya mtu mwingine. Unacheza na mwenzako, anahesabu mapigo yako, mwisho anaweka sahihi yake. Ukicheza peke yako, kadi haihesabiki. Hesabu yote niliyoieleza, pamoja na 113 yake na 5.381 yake, imesimama juu ya mtu mmoja aliyekuwepo na kukubali kuweka jina lake. Sahihi hiyo ikiwa ya uongo, hakuna slopu itakayoiponya.

Akina mama, sijawasahau. Wanawake wanapimiwa kiwanja kivyao. Mahali palepale pa kupigia, panakuwa na kadirio na slopu ya wanaume, na kadirio na slopu ya wanawake, kwa sababu mwanamke hodari amechukuliwa kupiga yadi 210, na wa kawaida 150. Hivyo mke na mume wanaweza kucheza pamoja, kila mmoja na mapigo yake, na mshindi akajulikana bila mmoja kumwonea mwenzake. Kiwango cha juu cha hendikapu zamani kilitofautiana kwa wanaume na wanawake. Tangu 2020 ni kimoja kwa wote: 54.0, yaani mapigo matatu ya fidia kwa kila shimo. Kwa hesabu hiyo, hata anayejifunza leo ana nafasi.

Anaanzaje? Hahitaji kadi 20. Anahitaji mashimo 54 tu, yawe ya raundi za 18 au za 9. Hilo linavifaa viwanja vidogo, kwa maana kiwanja cha mashimo 9, kama kile cha Fort Portal, hakihesabiwi kuwa nusu ya kiwanja. Kadi tatu zikipatikana, wanachukua iliyo bora na kuipunguza 2.0. Tuseme kijana wa Djugu anayefanya kazi upande ule ameleta 38.6, kisha 41.0, kisha 35.1. Bora ni 35.1. Toa 2.0, inabaki 33.1. Zikifika nne, iliyo bora inapunguzwa 1.0. Zikifika tano, inasimama yenyewe. Idadi ya kadi zinazochaguliwa inapanda taratibu hivyo, mbili, tatu, nne, hadi kufika zile 8 kati ya 20.

Kijana huyo wa 33.1 akikutana Entebbe na mtu mwenye 6.4, hawatabishana kama wale wa dama mbele ya butiki. Watatazama slopu iliyoandikwa kwenye kadi ya kiwanja, kila mmoja atazidisha na kugawanya, watahesabiana mapigo, na wataanza kucheza.